Kabla Hujaiosha Baiskeli: Namna ya Kuitafakari Safari Ndefu Uliyoifanya Baada ya Kustaafu

Nilikuwa na umri wa miaka 63 nilipoendesha baiskeli kutoka Morogoro hadi Mwanza kwa njia ya Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega na Shinyanga, safari ya takriban kilomita 950 niliyoimaliza kwa siku 17, tatu kati ya hizo zikiwa za kupumzika. Nilirudi kwa basi, baiskeli ikiwa imelazwa kwenye buti, na wiki mbili baadaye nilijisikia nikimsimulia jirani yangu kwamba ule mlima wa kati ya Kintinku na Manyoni, pale barabara inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa, niliupanda wote bila kushuka. Jirani alitikisa kichwa kwa heshima. Usiku ule nilifungua daftari langu la safari nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na maneno haya: “Mlima. Nimeshuka mara nne. Ya tatu nimekaa chini ya mti robo saa, karanga. Nimesukuma mpaka juu.” Mwandiko ulikuwa wangu.

Sikuwa nimekusudia kumdanganya mtu. Kumbukumbu ilikuwa imeshaanza kuipiga pasi safari yangu, na kama ningeiachia miezi sita zaidi ningebaki na hadithi iliyonyooka isiyo na msaada wowote kwangu. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekwisha kurudi, au anayekaribia kurudi, ambaye angependa kujua hasa safari yake ilikuwaje. Nchini Tanzania mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55 na hustaafu kwa lazima akifikisha 60, kwa hiyo wengi wetu hupata nafasi ya safari ya namna hii kwa mara ya kwanza katika umri ambao mwili hauvumilii tena kila kosa. Kijana akiipima vibaya safari yake atakwenda nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Sisi zilizobaki zinahesabika, na kila moja inapaswa kusomwa vizuri.

Isome baiskeli kwanza

Jambo la kwanza ni kutoiosha. Najua vumbi lile linaudhi, na kwamba wenye nyumba hawapendi kuona mzigo wa matope ukiegemea ukuta wa sebuleni, lakini iombee ruhusa ya kukaa hivyo siku mbili au tatu, kisha keti mbele yake na daftari, rula, kitambaa chakavu na kikombe cha chai. Baiskeli haina sababu ya kujisifu, na yote uliyoitendea yameandikwa juu yake.

Anza na tairi la nyuma, kwa sababu ndilo lililobeba sehemu kubwa ya uzito wako na mizigo, na ndilo linalosukuma, hivyo huisha mapema kuliko la mbele. Zungusha gurudumu polepole ukipapasa kwa kidole. Nyufa nyembamba kwenye mbavu za tairi, karibu na rimu, mara nyingi huonyesha kwamba ulitembea siku nyingi na upepo mdogo mno kwa mzigo uliokuwa nao. Mimi nilizikuta upande wote, nikakumbuka kwamba kutoka Gairo hadi Dodoma sikuigusa pampu hata mara moja kwa uvivu tu, kisha nikawa nalalamika kwamba barabara ni nzito.

Baada ya hapo pima cheni. Hiki ni kipimo ambacho mafundi wetu wengi chini ya miti hawakifanyi kwa rula bali kwa kuivuta kwa kidole na kukunja uso, na kwa kweli hawakosei sana, lakini wewe ambaye huna mkono wao tumia rula. Weka sifuri katikati ya pini moja na uhesabu vipande 24, kutoka pini hadi pini inayofuata kikiwa kipande kimoja; kwenye cheni mpya vipande hivyo huwa na urefu wa milimita 304.8, yaani inchi 12 kamili. Ukikuta vimezidi hapo kwa milimita 1.5 hivi, cheni inahitaji kubadilishwa. Ikiwa vimezidi kwa milimita 3, basi huenda na meno ya gia yameshaliwa, na cheni mpya utakayonunua itakuwa inarukaruka juu yake. Yangu ilikuwa imezidi kwa milimita 2, ingawa niliondoka nayo ikiwa mpya. Sababu niliifahamu nikiwa bado njiani, ingawa sikuizingatia: nilikuwa nikiimiminia oili ya injini kila asubuhi nikidhani ndiyo matunzo, na vumbi la uwanda wa Bahi lilipogandia pale, mchanganyiko ule ukawa kama msasa. Pale Shinyanga, ambako baiskeli ni chombo cha kazi na vijana hubeba abiria kwenye keria kuanzia alfajiri, kijana mmoja wa baiskeli za abiria aliniangalia nikikaribia, akaniamkia shikamoo, kisha akasema, “Mzee, cheni yako hiyo inakula kuliko wewe.” Akachukua kitambaa chake mwenyewe, akaifuta cheni mpaka ikang'aa, akadondosha oili tone moja moja kwenye kila pini, akafuta tena. Alikataa pesa. Yale yalikuwa mafunzo ya dakika kumi, nami niliyapata zimebaki kilomita 160 tu za safari.

Breki nazo zichunguze moja moja. Mimi nilikuta rimu ya mbele ina mikwaruzo mirefu, kwa sababu raba za breki nilizouziwa katika duka moja njiani zilikuwa ngumu kama kuni, na nilizigundua nikiwa tayari nateremka Sekenke, mlima ambao madereva wa malori wenyewe huuteremka kwa adabu. Nilishuka nikatembea kwa miguu sehemu iliyobaki, nikiishikilia baiskeli kama mbuzi mkaidi. Katika daftari niliandika neno moja, “Breki”, nalo lisingetosha kunikumbusha lolote kama nisingeiona ile mikwaruzo.

Mwisho, mwaga mizigo yote sakafuni na utenge ulivyotumia kila siku, ulivyotumia mara moja, na ambavyo havikutoka kwenye mfuko. Hilo fungu la mwisho lipime kwa mizani ya jikoni. Langu lilifika kilo mbili na robo, na ndani yake kulikuwa na koti la suti nililobeba kwa ajili ya kumsalimia shemeji yangu Mwanza, ambaye alinipokea akiwa amevaa kaptula. Tyubu za akiba, kwa upande mwingine, nilizibeba tatu na zote zilifanya kazi, kwa kuwa mafundi wa vijijini niliowakuta walikuwa na saizi 28 za baiskeli za kawaida, na za kwangu za saizi 26 nilizipata mjini tu.

Kisha mwili, kabla haujasahau

Mwili husahau haraka kuliko baiskeli, kwa hiyo ufanyie ukaguzi ndani ya wiki ya kwanza. Ikiwa njiani ulipata maumivu ya kifua, kukatika pumzi kusiko kwa kawaida au kizunguzungu, usikae kutafakari. Nenda hospitali kwanza, daftari litakusubiri.

Kwa mengine, andika kila mahali panapouma au penye ganzi, na utafute kila kimoja kinakuelekeza wapi. Ganzi ya kidole kidogo na kile cha pete hutokana na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, na maana yake ni kwamba uliulalia usukani muda mrefu, pengine kwa sababu ulikuwa chini mno kwa mgongo wa mtu wa umri wetu. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti ilikuwa chini. Likiuma kwa nyuma, mara nyingi ilikuwa juu. Mimi nilikuwa na ganzi ya vidole hadi wiki ya tatu baada ya kurudi, nikashindwa kufunga vifungo vya shati upande wa kushoto, na nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba nimerudi salama salimini.

Kuna jambo la maji ambalo linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kadiri umri unavyosonga hisia ya kiu hupungua, mtu akaweza kuwa amepungukiwa na maji bila koo kumwambia lolote, na ndiyo maana swali la kujiuliza si kama uliona kiu bali ulikunywa kiasi gani. Nilipopanga siku zangu kwa mujibu wa chupa nilizojaza, niliona kwamba siku zote nne nilizoandika “kichwa kinauma” zilikuwa siku ambazo sikufikisha lita tatu, na katika siku hizo hizo nilikuwa nimeandika kwamba watu wa eneo lile si wakarimu. Kijiji kimoja kati ya Manyoni na Singida kinanidai radhi.

Angalia pia uchovu ulikuja lini. Nilidhani siku ngumu hufuatwa na kesho mbaya, lakini jedwali langu lilisema vingine: kesho yake nilikuwa nakwenda vizuri, tena kwa furaha, na siku ya pili yake ndipo miguu ilipokataa. Ilitokea hivyo mara tatu kati ya tatu. Huenda kwako si hivyo, ila hutajua mpaka uziweke siku zako kwenye mstari mmoja.

Jedwali, hata kama hukuandika kitu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua karatasi pana, uichore safu: tarehe, ulipotoka na ulipolala, kilomita, saa ya kuondoka na ya kufika, maji, chakula cha mchana, upepo, matengenezo, na sentensi moja ya lolote lile. Dervla Murphy, yule mwanamke wa Ireland aliyeendesha baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe mwaka 1992 akiwa na miaka 60, alikuwa mtu wa kuandika shajara safarini, naye alikuwa na nidhamu ambayo wengi wetu hatuna. Lakini hata asiyeandika ana kumbukumbu nyingi kuliko anavyodhani. Ujumbe wa malipo kwa simu una tarehe, saa na jina la uliyemlipa, kwa hiyo kila soda, kila sahani ya wali na kila kitanda cha gesti ulicholipia kwa simu ni alama kwenye ramani. Picha zina saa. Orodha ya simu ulizopiga nayo ina saa. Mimi niliziba kwa njia hiyo siku tano ambazo daftari lilikuwa tupu, na ndipo nilipogundua kwamba siku niliyokuwa nikiiita “ile siku ndefu” niliondoka saa tatu na nusu asubuhi, jua likiwa limeshapanda, kwa sababu nilipoteza saa nzima nikibishana kuhusu chenji.

Safu ya upepo usiiruke. Miezi ya Juni hadi Septemba ni majira ya kusi, na katika Dodoma na Singida upepo hutokea mashariki na kusini-mashariki kwa nguvu ambayo asiyewahi kuupanda kwa baiskeli hawezi kuielewa. Mimi nilisafiri Agosti nikielekea kaskazini-magharibi, yaani nilikuwa nasukumwa mgongoni. Siku niliyojivunia kuliko zote, karibu kilomita 100 kutoka Singida hadi Shelui, ilikuwa siku ya upepo wa nyuma na pia siku ya kuteremka, kwa kuwa mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mbuga za Wembere, upande wa Shelui, ziko chini yake kwa mamia ya mita. Ukiacha ile sehemu ya Sekenke niliyotembea kwa miguu, mchango wangu binafsi siku ile ulikuwa kukaa kwenye siti. Siku yangu bora kwa haki ilikuwa ya kilomita 41 tu, juu ya ule mlima wa Manyoni, siku ambayo nilikuwa nimeanza kuibadilishia historia mbele ya jirani.

Wapo wanaosema kwamba kujichunguza namna hii kunaiua raha ya safari. Sikubaliani nao, nami huwa namfikiria Mfaransa Robert Marchand, ambaye Januari 2017, akiwa na miaka 105, aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja katika uwanja wa baiskeli karibu na Paris, ikawa rekodi ya kundi la umri lililoanzishwa kwa ajili yake. Aliposhuka, huku watu wakimshangilia, alieleza kwamba hakukiona kibao cha kumjulisha kuwa zimebaki dakika kumi, la sivyo angekwenda kasi zaidi. Miaka mitatu kabla, akiwa na miaka 102, alikuwa amefikisha kilomita 26.927. Alijua fika kwamba mwili umepungua, na bado alitaka kujua kosa la siku ile lilikuwa wapi. Mtu wa namna hiyo raha yake haijafa.

Waulize waliokuona

Daftari na jedwali vina upungufu mmoja, nao ni kwamba viliandikwa na mtu yuleyule aliyechoka. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja wapigie simu watu watatu au wanne waliokupokea njiani, kwanza kwa kuwashukuru, maana ndiyo heshima, kisha uwaulize walikuonaje. Namba nyingine utazipata kwenye zile zile kumbukumbu za malipo. Nilimpigia mama lishe wa Kibaigwa, pale penye soko kubwa la mahindi, ambaye katika daftari langu alikuwa na maneno mawili tu: “Chai nzuri.” Alinikumbuka. Aliniambia kwamba nilifika mikono ikitetemeka, nimebadilika rangi, na kwamba aliniongezea sukari kwenye chai mara mbili bila kuniuliza, kisha akamtuma mtoto wake akae karibu nami asije babu wa watu akaanguka. Sikuwa na habari. Nilikuwa nimeandika chai nzuri.

Jikumbushe pia ulichowajibu watu. Mtu mzima mwenye mvi akionekana juu ya baiskeli yenye mizigo katika barabara kuu, swali linalomfuata kila kituo ni hili: “Mzee, umekosa nauli?” Pale Dumila nilijibu kwa hotuba ndefu ya afya na mazoezi. Pale Manyoni nilisema naenda kumwona ndugu, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa robo tu. Kufika Igunga nilikuwa nikisema, “Nauli ninayo,” na kuagiza chai. Ukiyapanga majibu yako kwa mfuatano wa tarehe utaona ni wapi ulikoma kuwaomba watu ruhusa, na kwangu mimi hilo lilinionyesha badiliko ambalo hakuna kipimo cha kilomita kingeweza kulionyesha. Shinyanga hakuna aliyeniuliza kabisa.

Shahidi wa mwisho yuko nyumbani, na ndiye watu wengi humsahau. Nilipomwuliza mke wangu safari ilikuwaje upande wake, alikwenda ukutani akaishusha kalenda. Alikuwa ameandika kwa penseli, katika kila kisanduku, mji niliopigia simu na saa niliyopiga. Visanduku viwili vilikuwa vitupu. Nililinganisha tarehe hizo na jedwali langu: moja ilikuwa usiku wa Shelui, baada ya zile kilomita 100, na nyingine nililala kwa mwalimu mwenzangu wa zamani tukizungumza hadi usiku wa manane. Katika daftari, siku zote mbili nilikuwa nimezipigia mstari kama siku nzuri kuliko zote. Yeye alikuwa amekesha. Hakunilaumu, alinionyesha tu visanduku, akairudisha kalenda kwenye msumari wake.

Andika kurasa mbili, si zaidi

Ukishakuwa na baiskeli, mwili, jedwali na mashahidi, andika maelezo mafupi kwa mkono wako: ulichokifanya kweli, kilichofanywa na upepo na watu wengine, ulichokosea, na utakachobadilisha ikiwa utakwenda tena. Hiyo “ikiwa” iandike kwa uaminifu. Inawezekana jibu likawa kwamba hutakwenda, au utakwenda nusu ya umbali huo. Langu limekuwa hivi: kilomita zisizidi 60 kwa siku, mapumziko kila siku ya tatu, usukani umeinuliwa, lita nne za maji ziwe zimehesabiwa kwa chupa, simu nyumbani kabla ya kuvua viatu, na koti libaki kabatini. Maelezo hayo mpe anayeishi nawe ayasome na kuyasahihisha kabla hujayasimulia kwa mtu mwingine yeyote. Mimi pia nilirudi kwa jirani yangu nikamwambia habari za ule mlima kama ilivyokuwa, pamoja na zile karanga. Alicheka sana, kisha akaniuliza kama baiskeli yangu ingemfaa mtu mwenye miaka 58.

Sasa leta ndoo ya maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, na uioshe. Anza na cheni.